Mvua Ndani ya Kaseti

"Mvua hii ilinyesha kwenye paa la nani, Mbaruk?"

Mbaruk alikuwa hajavua hata viatu. Ndiyo kwanza arudi kutoka kazini Ganda na baiskeli yake, unga umemjaa kwenye nyusi, na njaa yake mkononi. Badala ya sinia la wali amekuta mkeka mtupu, na katikati ya mkeka imewekwa redio. Ndani ya redio kaseti inazunguka, na sauti inayotoka ni ya mvua. Mvua ya polepole, isiyokuwa na radi wala upepo.

"Nakuuliza. Paa la nani?"

"Kaseti hiyo umeitoa wapi?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Zuleikha, mke wangu..."

"Mkeo wa wapi? Nyumba hii ni ya mabati. Mvua ya mabati naijua, ni vurugu tupu, mtu hasikii hata adhana. Hii imetulia. Hii ni mvua ya makuti, tena makuti mapya. Na huyo aliyelala chini yake hakuwa na haraka ya kwenda popote!"

Watu husema wivu una macho. Mimi nasema una masikio pia. Zuleikha alikuwa mshonaji wa kofia za vito, zile za kutobolewa vitundu vidogo vidogo kwa sindano, mwanamke wa Shela pale Malindi mjini, na jicho lililozoea kuhesabu vitundu vya sindano halipitwi na kitu. Kwa miezi miwili alikuwa akihesabu. Mashine ya kusaga ya Ganda hufungwa saa kumi, mume anafika nyumbani magharibi. Akila, huinamisha kichwa upande kama mtu anayenong'onezwa, mwisho hutabasamu peke yake. Akisemeshwa, mpaka mara tatu ndipo aitike. Kisha ikaja habari ya redio: "Imeharibika, naipeleka kwa fundi." Redio ikakaa siku nne, ikarudi vile vile ilivyoondoka, mpaka lile vumbi lake. Na asubuhi ile, akitafuta kofia ya Idi ya mumewe aipime kwa ile mpya anayomshonea, ndani ya kofia akakuta kaseti imefungwa kwa kitambaa.

"Na jengine," akaendelea, kidole juu. "Mwaka huu haijanyesha. Visima vimekauka, watu wanakula mahindi ya manjano ya msaada. Kwa hiyo mvua hii ni ya mwaka jana. Mwaka mzima, Mbaruk! Mwaka mzima wanizunguka!"

"Si unavyodhani."

"Basi nisaidie kudhani. Sikiliza hapa mwisho. Sikiliza!"

Mvua ikapungua, ikakatika. Mwanamke akakohoa, akacheka kicheko kifupi cha puani, akasema: "Basi, yatosha." Kaseti ikanyamaza.

Zuleikha akamkazia macho mumewe.

"Yatosha nini?"

Mbaruk akainamisha kichwa. Upande ule ule wa kila siku.

"Siwezi kukwambia, Zule. Nimekula kiapo."

Angalinyamaza ingalikuwa afadhali.

"Kiapo! Umemwapia mwanamke?"

"Hakuna ubaya wowote, wallahi."

"Mtaje basi."

"Siwezi."

"Haya. Leo ni Jumanne. Ijumaa baada ya swala kaka yangu atakuwa hapa. Ama unitajie mwenye paa, ama unipe talaka yangu mbele yake. Wali uko jikoni, jipakulie. Na huyo wako mwambie akupikie mchuzi."

Jioni ile ile akajitanda buibui akaenda dukani kwa Mahadhi, penye simu.

"Alo! Takaungu? Niitieni Fumo!"

Ikapita dakika nzima ya mkwaruzo.

"Zule? Kuna nini? Nani kafa?"

"Ndoa yangu, kaka."

"Imekufa, au yaumwa?"

"Yakata roho. Njoo Ijumaa. Nataka talaka."

"Mbaruk kafanya nini?"

"Ana paa jengine."

"Ana nini?"

"Paa, kaka! Paa! La makuti!"

Pale dukani kulikuwa na wateja watano, na wote watano walisahau walichokuja kununua. Zuleikha akalipa, akatoka na kichwa chake juu. Alipofika kwenye kichochoro chake, ndipo akalia.

Maana alimpenda, hilo tusilifiche. Angekuwa hampendi angeichukua kaseti ile akaitupa pipani, akaendelea na kofia zake. Kofia ile mpya alikuwa akiishona mwezi wa nne sasa, na vitundu vyake alivitoboa mwenyewe kimoja kimoja, na kila alipochoka alijiambia kwamba siku ya Idi kichwa cha Mbaruk kitapendeza kuliko vichwa vyote msikitini. Sasa aliitazama akajiuliza: ninamshonea nani? Huyo wa makuti ndiye atakayeivua usiku?

Alhamisi asubuhi akapitia dukani akanunua leso. Alichagua kwa maneno wala hakutazama rangi. Ilikuwa imeandikwa: NIMEKUJUA USINICHEKEE. Akajifunga moja, akajitanda ya pili, akaomba lifti ya pikapu iliyokuwa ikienda kuchukua ndizi Ganda.

Aliisikia mashine kabla hajaiona. Ile injini ya dizeli ilikuwa ikitikisa mabati ya kibanda na vifua vya watu. Wanawake wamepanga foleni na makarai yao ya mahindi ya manjano, na ndani, katikati ya wingu la unga, yumo Mbaruk. Zuleikha alisimama nyuma ya mkorosho akatazama.

Akamwona mumewe anamwinamia mwanamke wa kwanza, mdomo sikioni kabisa. Mwanamke akatikisa kichwa. Akamwinamia wa pili, vile vile. Wa tatu naye, bibi kizee asiye na meno, akanong'onezwa akacheka. Zuleikha akahisi damu inampanda mpaka kwenye macho. Ikambidi ajikumbushe kwamba palikuwa na makelele ya kumzuia mtu asisikie mawazo yake mwenyewe, na kwamba msagaji hana njia nyengine ya kumwuliza mteja wataka unga laini au wa chenga. Kazi ni kazi. Lakini hata bibi kizee alimtia kwenye hesabu, kwa tahadhari.

Kisha akafika mwanamke mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, umri sawa na wake. Huyu Mbaruk hakumwinamia. Alimwonyesha kidole kwenye sikio lake mwenyewe, akakizungusha. Mwanamke naye akajibu kwa vidole viwili, akavizungusha kwenye masikio yote mawili. Wakatazamana, wakacheka.

"Ishara!" Zuleikha akajisemea nyuma ya mkorosho. "Wana mpaka lugha yao!"

Saa sita mashine ikazimwa kwa mapumziko ya mchana. Kimya kikashuka ghafla. Watu wote pale kibandani wakashusha pumzi, na katika kimya kile yule mwanamke akacheka. Kicheko kifupi, cha puani.

Mwanamke akajitwika unga wake akashika njia. Zuleikha akamfuata hatua ishirini nyuma, mpaka kwenye boma lenye nyumba ya makuti. Makuti mapya.

Mwenye nyumba akatua karai. Akasema bila kugeuka:

"Karibu, mke wa Mbaruk."

Zuleikha akashtuka.

"Umenijuaje?"

"Mwanamke wa mjini, kavaa leso haijafuliwa hata mara moja, kaja mashineni bila punje ya mahindi, kajificha nyuma ya mkorosho. Ni nani mwengine? Mimi ni Kabibi. Kaa."

"Sikuja kukaa."

"Basi simama. Lakini kivuli kiko hapa."

Zuleikha akabaki juani kwa ubishi, kisha jua likamshinda akasogea. Akaitoa kaseti kwenye mfuko wa kitambaa akaiinua.

"Waijua hii?"

"Naijua."

"Sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Na paa?"

Kabibi akainua macho kuyatazama makuti yake.

"Paa limefanya nini?"

"Usinifanye mtoto! Mume wangu kalala chini ya paa hili mvua ikinyesha, na wewe umerekodi ili mkumbukane! Mwaka jana! Masika!"

Kabibi akamtazama. Kile kicheko chake kilikuja mpaka puani, akakizuia.

"Bibiye, mwaka jana mwezi wa masika mimi sikuwa hapa. Nilikuwa nimeolewa Kaloleni. Nimerudishwa kwetu baada ya mavuno, na paa hili kaka yangu kaliezeka mwezi wa pili mwaka huu. Halijanyeshewa na tone moja."

"Basi hii mvua ni ya wapi?"

"Fumba macho."

"Ya nini?"

"Fumba. Sikurogi."

Zuleikha akafumba jicho moja, la pili akaliacha wazi kidogo. Kabibi akachukua ungo, akautia viganja viwili vya mahindi ya manjano, akaanza kuuinamisha huku na huku, taratibu. Punje zikateleza juu ya ukindu kwenda na kurudi. Na Zuleikha, na jicho lake moja wazi, mahindi akiyaona na ungo akiuona, akasikia mvua. Mvua ya makuti, isiyo na haraka.

Kabibi akakohoa.

"Basi, yatosha," akasema, akauweka ungo chini.

Zuleikha akakaa. Hakuchagua pa kukaa, alikaa tu, kwenye mchanga na leso yake mpya.

"Mwaka wa ukame," akasema kwa sauti ndogo, "nami nimesikia mvua."

"Wivu una mvua yake."

"Lakini kwa nini? Mwanamume mzima ataka sauti ya ungo ya nini?"

Kabibi akakaa mbele yake.

"Nilimwapisha mimi asiseme. Sasa nasema mwenyewe, kiapo nimekifungua. Masikio yangu yanalia. Usiku na mchana. Mimi nasikia nyuki, mzinga mzima, humu ndani. Ilianza baada ya homa kali. Kule Kaloleni nikamwambia mume wangu, akamwambia mamake, mamake akasema ni pepo. Nikachezewa ngoma, nikachanjwa, nikafukizwa, nyuki wako vile vile. Mwisho wakanirudisha. Ndiyo maana nilitaka Mbaruk afunge mdomo. Nikijulikana hapa, hata wa kuniposa tena sitampata."

"Na Mbaruk?"

"Mumeo miaka saba asimama karibu na injini ile. Mashine ikizimwa watu wote hushusha pumzi, ulijionea leo. Yeye hukunja uso. Nilimtazama siku tatu, nikajua huyu ni mwenzangu. Nikamwuliza, 'Wewe wako ni nini?' Akatokwa na machozi, mwanamume yule. Akasema, 'Nyenje. Wawili. Mmoja kila upande.'"

"Nyenje," akarudia Zuleikha.

"Kila mtu ana wake. Shangazi yangu husikia mtu akitwanga. Miaka ishirini atwanga tu, na unga hatujauona. Mumeo kaenda hospitali, daktari kamwambia hakuna dawa. Azibe masikio kwa pamba kazini, na pakiwa kimya asikilize kitu laini, nyenje wapate mwenzao wa kuzungumza naye. Ndipo nikamwambia alete redio."

"Na kule kuchelewa kwake kurudi?"

"Huogopa kimya cha nyumbani. Hukaa pale kibandani mpaka kunguru waanze kurudi mitini."

Zuleikha akavuta mchanga kwa kidole.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Alikwambia."

"Lini?"

"Mwaka wa kwanza wa ndoa yenu. Hukumbuki?"

Akakumbuka. Walikuwa wamekaa ukumbini, Mbaruk akasema, "Zule, sikio langu linalia sana." Na kila mtu aliyelelewa pwani anajua sikio likilia ni mtu anakutaja. Akamwuliza, "La kulia au la kushoto?" Akajibu, "Yote mawili." Akamwuliza, "Tangu lini?" Akajibu, "Halinyamazi." Zuleikha akapiga hesabu yake: mtu anayetajwa mchana na usiku, masikio yote mawili, anatajwa na nani kama si mwanamke? Siku tisa hakumsemesha. Siku ya kumi Mbaruk akasema sikio limepona, na hakulitaja tena.

"Nilimnyamazisha mimi," akasema.

"Ulimpenda vibaya, basi."

"Ujue kitu, Kabibi. Nilipokuja hapa nilidhani hakuna uchungu kuliko mtu kulala na mumeo. Uko. Ni mtu kuujua ugonjwa wa mumeo kabla yako."

Kabibi akamsogelea.

"Basi na mimi nikwambie moja ambalo sikuapishwa. Mumeo asema wewe ukigomba, nyenje hawasikiki. Sauti yako yawafunika kabisa. Ati saa nyengine hukuchokoza makusudi."

"Hunichokoza?"

"Sijui. Ati husema chumvi imezidi."

Zuleikha akafungua mdomo. Chumvi! Jioni ngapi, nyumba imetulia, chakula kizuri, ghafla bwana asema chumvi imezidi? Naye anawaka, anagomba mpaka Isha, na mwanamume yule ameegemea mto akitabasamu! Akataka kukasirika. Kikamtoka kicheko, na kwenye kicheko machozi.

Alipoondoka aliifungua ile leso ya kichwani akampa Kabibi.

"Ina maneno mabaya," akasema kwa haya.

Kabibi akayasoma. "NIMEKUJUA USINICHEKEE. Mimi kicheko hunitoka chenyewe, lakini nitajitahidi."

"Siri yako iko kwangu. Na nyuki wako."

Mbaruk alirudi mapema siku hiyo. Alimkuta mkewe amekaa na sindano yake, na sinia limefunikwa.

"Zule, kesho kakako yuaja. Nimefikiri. Talaka siitoi. Kiapo nitakivunja, Mungu atanisamehe. Kaseti ile..."

"Hao nyenje wako," akamkata, macho kwenye sindano, "ni madume au majike?"

Mbaruk akaganda mlangoni.

"Nimetoka Ganda. Kabibi kanieleza. Jibu swali."

"Si... sijui."

"Afadhali wawe madume."

Mbaruk akakaa chini pale pale kizingitini. Mabega yake yakaanza kutikisika, akaficha uso kwa viganja vyenye unga. Zuleikha akaweka kofia, akamwendea, akamshika masikio yote mawili kwa mikono yake.

"Wanalia sasa?"

"Wanalia."

"Kwa nguvu?"

"Ukinishika hivi, siwajali."

"Miaka sita, Mbaruk. Nisamehe."

"Nami nisamehe. Niliogopa siku tisa zengine."

Wakala. Pilau ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mbaruk akatafuna, akameza, akasema kwa hadhari:

"Lakini chumvi..."

"Thubutu!"

Ijumaa, wanaume walipokuwa msikitini, majirani walisikia Zuleikha akigomba ndani kwa ukali ambao hata wao hawajauzoea, nusu saa bila kupumua. Wakaambiana leo Mbaruk kakoma. Kumbe Mbaruk alikuwa safu ya pili nyuma ya imamu.

Baada ya swala Fumo akaingia, kanzu imenyooka, uso wa mashauri.

"Haya, nimefika. Hilo paa liko wapi?"

"Paa hakuna, kaka," akasema Zuleikha. "Lakini mume wangu kaniletea wake wenza."

"Lahaula! Wangapi?"

"Wawili. Mmoja sikio hili, mmoja lile. Ni nyenje, kaka. Waliingia kupitia mashine ya kusaga na hawana nia ya kutoka. Nimewakubali. Ila mke mkubwa ni mimi."

Fumo akamtazama dada yake, akamtazama shemeji yake. Mbaruk akamweleza yote, jina la Kabibi akaliacha nje. Alipomaliza, Fumo alikuwa ameivua kofia yake na kuishika magotini.

"Mimi langu ni birika," akasema polepole. "Birika la maji yanayochemka. Tangu nilipofanya kazi ya baruti kwenye machimbo ya mawe. Mwaka wa kumi na moja sasa."

"Kaka! Na wifi anajua?"

"Amjulishe nani? Wivu wake waujua."

"Naujua," akasema Zuleikha. "Leo ukifika Takaungu umwambie. Akinuna, mlete kwangu."

Wakala mpaka sinia likawa jeupe. Joto la alasiri likaingia, wanaume wakajinyosha kwenye mkeka, na nyumba ikaanza kutulia kwa ule utulivu ambao Zuleikha sasa aliujua maana yake. Akamwona Mbaruk anainamisha kichwa. Akaivuta redio, akatia kaseti, upande wa pili, akabonyeza.

"Mbaruk!" ikafoka sauti yake mwenyewe kutoka kwenye spika. "Kofia umeiacha wapi? Viatu mlangoni nimesema mara ngapi? Na ile chumvi unayoisingizia..."

Zuleikha akachukua kofia ya vito, akatafuta kitundu alichoishia, akashona. Zilibaki safu mbili. Fumo alikuwa akikoroma kando ya ukuta, mdomo wazi. Redio ikaendelea kugomba.

"Wanisikia, Mbaruk? Nasema na wewe!"

Mbaruk alikuwa ameshalala.